Diski ya Rangi ya Tope

Laptopu yangu ilipoanza kuzima yenyewe kila baada ya nusu saa, niliingiwa na hofu, maana baba alikuwa ndani yake. Baba alikuwa mtunzi wa nyimbo za ngoma kijijini kwetu, kisiwani Kadavu, na mwaka mmoja kabla hajafariki nilimrekodi akiimba zote alizokubali kuimba. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Basi nikaenda kwa Dinesh, fundi na mwenye duka la kompyuta hapa Suva, kutafuta diski ya nje ya bei nafuu, ile ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kwa kuwa vitu vyangu huanguka sana. Nikamweleza habari za nyimbo za baba, nikamwonyesha tangazo kwenye simu.

"Hii terabaiti kumi na sita, bei yake kama fungu la samaki."

"Dada Vara, uongo mtupu huo. Inapokea kila kitu, ikijaa inafuta vya mwanzo kimyakimya. Unataka kumfuta mzee?"

"Ishia hapo."

"Nyimbo hazili nafasi. Giga mia tano zinakutosha. Zile za kasi waachie wanaohariri filamu."

Za ukubwa huo alikuwa nazo mbili, bei moja: nyekundu ya kupendeza na nyingine rangi ya tope. Nikachukua ya tope, kwa sababu ndugu zangu nawajua, kitu kikipendeza tu kimeondoka. Dinesh akahamisha nyimbo zote palepale, akafungua tatu tuhakikishe zimefika salama.

Jumamosi akaja Ilaitia, mtoto wa shangazi. Kwetu mpwa huchukua cha mjomba wake bila kuomba, na hakuna wa kumkatalia.

"Kitope gani hiki?"

"Changu. Nimenunua mwenyewe."

"Na ndani?"

Nikaifunika kwa kiganja.

"Nyimbo za mjomba, eti? Basi gamba lako, vya ndani vyangu. Gamba nitakurudishia."

"Binamu, wewe ni mwizi mwenye kibali."

"Kibali kakitoa babu yako, kamlaumu yeye," akasema, akaitia mfukoni.

Sikumzuia. Nilijituliza kwamba kwenye laptopu bado zimo. Jumanne laptopu ikazima moja kwa moja, na Dinesh alipoifungua akatikisa kichwa. Humo hakikuokoleka kitu.

Asubuhi yake nikaenda Nausori kwa shangazi Salote, nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikiwa bado uani nikamsikia baba anaimba. Ndani watu wamejaa mikekani, bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, katikati, diski imechomekwa kwenye televisheni.

"Usinune," Ilaitia akasema. "Nyumba sita zimeshanakili. Gamba lako hilo, beba."

Hasira yote ikaniisha, nikabaki nimesimama tu kama mgeni.

"Kaa chini kwanza," shangazi akasema. "Ulimrekodi wewe, kwa hiyo upo wimbo mmoja hakuuimba. Alikuonea haya. Nimeuimba mimi, tumeutia humo pamoja na zingine."

"Wimbo gani?"

"Aliokutungia siku uliyozaliwa."

Ilaitia akaufungua. Sauti ya shangazi ilikwaruza, lakini maneno yalikuwa ya baba, na jina langu lilikuwamo tangu mstari wa kwanza. Nililia mbele ya watu wote bila kuona aibu, na Ilaitia, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakunitania.