Sharti la Birika

Mimi Soilihi, fundi wa chokaa, sijui kusema uongo. Nilisema mmoja tu wa maana maishani, tena mbele ya watu waungwana, na mpaka leo unanikosesha usingizi.

Mwaka 1994 niliitwa mjini Mahajanga kutoka kisiwa cha Nosy Be. Nyumba kongwe ya mawe, iliyofungwa miaka kumi na minane, ilikuwa ikarabatiwe iwe maktaba. Msanifu wake, Nadjma, binti wa Kingazija aliyelelewa Ufaransa, alitaka mtu anayejua chokaa amsaidie kuandika masharti ya mkataba. Hakujua kwamba nyumba ile naijua kuliko yeye. Mama yangu, Koultoum, alikuwa mpishi humo, na sote tulilala vyumba vya nyuma.

Desemba 1976, sisi Wakomoro tulipokuwa tukiuawa mjini, mdogo wangu Attoumane alikatwa mapanga mlangoni. Makaburini hakukufikika. Tulimteremsha kwenye birika la maji ya mvua lililochimbwa chini ya ua, lililopasuka zamani na kuachwa. Hakuoshwa, hakuvishwa sanda. Mama alishuka kwa kamba, mwanamke mnene yule, akamlaza ubavu wa kuume na kumgeuza uso uelekee kibla. Hakuwa na kingine cha kumpa. Tukafukia kwa mchanga na mawe, tukakimbilia Nosy Be.

Nilipokuwa naondoka kwenda kwenye kazi hiyo, mama alinishika kola. "Wachimbe nyumba nzima wakitaka. Mwanangu wasimguse."

Nikaahidi.

Basi tukakaa mezani, Nadjma akiandika kwa Kifaransa, sisi tukizungumza Kimalagasi: chokaa ya namna gani, mlango wa nakshi aushike nani, saruji ipigwe marufuku wapi. Kifungu cha kifusi kilikuwa wazi: chochote kitakachotolewa ardhini ni cha mkandarasi, akipeleke atakako. Nikamwambia, "Andika birika lisifukuliwe."

"Kwa nini? Kila sharti lazima liwe na sababu, fundi."

Sababu nilikuwa nayo. Lakini mtaani mle walikuwemo walioshika yale mapanga, na walikuwa wakinisalimu kila asubuhi. Niliogopa. Sipambi. Mtu mzima wa miaka arobaini na tano, niliogopa.

"Ukuta wa nyuma umekalia pale," nikasema. "Ukitoa mchanga, utaanguka."

Akaandika. Nikajiona mjanja, nikaagiza na chai ya pili.

Juma lililofuata mhandisi wa mkandarasi aliisoma sababu yangu, akatikisa kichwa. Ukuta mzito vile hauachwi juu ya mchanga. Uwekewe magogo ya kuushikilia, birika lifukuliwe lote, limwagwe zege. Na ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo. Nadjma alinigeukia. "Una neno, fundi?"

"Sina."

Nikatia sahihi. Kwenye ratiba, zamu ya birika ilikuwa mwezi wa tatu wa kazi. Nikajiambia muda upo: nitakwenda Nosy Be kuchukua chokaa, nimlete mama, tumtoe Attoumane wenyewe kimyakimya, tumzike kama watu. Siku mbili za barabara hadi bandari ya Ankify, kuvuka bahari, kisha kurudi vilevile. Mama alibeba sanda ndani ya kikapu, chini ya nguo zake.

Tulipofika, birika lilikuwa tupu, limefagiliwa, nondo zimeshapangwa. Mvua zilikuwa karibu, wakaona waanze na kazi za chini. Vibarua walikuwa wameona mifupa. Mkataba haukusema lolote kuhusu mifupa.

Nilimwambia Nadjma kila kitu pale pale, kwa sauti, mbele ya mafundi wote. Woga ulikuwa umenitoka sasa, wakati haunisaidii kitu. Alikaa chini juu ya mfuko wa saruji.

"Ungeniambia ni kaburi," alisema. "Ningeandika kaburi, na hakuna ambaye angeweka koleo pale."

Kifusi kilikuwa kimetumika kujazia barabara mpya nje ya mji. Nikampeleka mama. Udongo ulikuwa umeshashindiliwa, na malori yanapita juu yake. Alisimama ukingoni na kikapu chake, akatazama huku na huku kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

"Soilihi," aliniuliza, "sasa uso wake umeelekea wapi?"