Kila Mtu Asomewe Mstari Wake

"Tata Kalumba, chapa leo! Mutoto mwingine alikufa asubuhi. Tunangoya nini?"

Stéphanie Kisimba aliingia ukumbi wa parokia, mtaani Dilala, habari aliyoiandika ikiwa mkononi. Ilikuwa mwaka 1993. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamefukuzwa kazini na majumbani, na wengi wao, waliozaliwa papa hapa katika mji wa migodi wa Kolwezi kama baba zao, walikuwa wiki ya sita wanalala kwenye gare, stesheni ya reli, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Bomba la maji pale lilikuwa moja tu. Jumatatu likakauka. Watu wakaanza kunywa maji ya mtaro, kuhara kukaingia. Mama Mianda, jirani aliyemlea Stéphanie na kumfundisha kushona, alikuwa pale na mjukuu wake Yolande wa miaka minne. Stéphanie aliwapelekea kidumu cha maji. Walinzi wakakimwaga getini mbele ya macho yake. Bila bomba lile, Yolande, aliyekuwa ameshaanza kuhara, asingeimaliza wiki.

Na mkuu wa ulinzi wa gare, mtu mmoja aitwaye Mwamba, akabandika tangazo: pampu imekufa kwa uzembe wa fundi. Uongo mtupu! Mji mzima ulinong'ona kwamba yeye ndiye aliyeamuru maji yafungwe, ili watu waondoke hata kwa miguu.

Tata Kalumba alizidi kuchonga penseli yake. Mwalimu huyu wa zamani aliongoza chama kidogo kisichotafuta faida, kilichofundisha waandishi kama Stéphanie kuchunguza habari. Kiliwapa daftari, baiskeli, wakili wa kusimama nao, na mashine ya kurudufu gazeti lao la kurasa nne. Mtu mwema, lakini taratibu zake zingemchosha hata kobe.

"Uko na ushahidi gani, mama?"

"Kila mutu anasema!"

"'Kila mutu' hana sahihi. Na huyu fundi umemuandika hapa, ulimusomea? Kanuni unaijua: kila anayetajwa asomewe mustari yake mbele ya kuchapa."

"Batoto banakufa, weye unaniletea kanuni!"

"Ni juu banakufa njo maana tusikosee. Tukikosea mustari moya, batatupilia mbali yote."

Stéphanie akabamiza mlango, akamtukana Kalumba kimoyomoyo njia nzima. Lakini baiskeli aliielekeza kwa fundi.

Mukalay, fundi wa pampu, alikuwa mzee wa ovaroli ya bluu iliyopauka. Hata kiti hakumpa.

"Mi siko na maneno na bajurnaliste."

"Basi sikia tu, tata." Akasoma: "Mkuu wa ulinzi anasema pampu ilikufa kwa uzembe wa fundi Mukalay."

Lo! Mzee alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Uzembe ya nani? Pompe yangu, kufa?" Jamani, mnyime mtu wa Kolwezi mshahara, atanung'unika na kuvumilia, lakini mtukanie mashine yake, umejitakia. Alimshika Stéphanie mkono, akamvuta hadi chumba cha pampu, akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma safi. "Sikia! Iko mugonjwa hii? Myaka kumi na nane naitunza!"

Kisha akafungua kabati, akatoa barua. Alikuwa wa malezi ya zamani ya migodini: hakuna anayegusa mashine bila karatasi. *Funga maji ya gare hadi amri nyingine.* Tarehe ya Jumatatu, muhuri, sahihi ya Mwamba.

Stéphanie aliinakili yote palepale. Mzee aliinamisha kichwa.

"Kufunga, nilifunga mi mwenyewe. Ni mukono yangu. Andika na ile."

Akaiandika, akamsomea. Mukalay akampa barua yenyewe.

Ulibaki mstari mmoja, wa Mwamba. Alikwenda ofisini kwake pamoja na Laurentine, wakili wa chama. Stéphanie akausoma amesimama, neno kwa neno: Mwamba ndiye aliyeamuru maji yafungwe. Mwamba akacheka.

"Weye si ni mutu ya kwetu? Hawa bageni unabatetea ju ya nini?"

"Ni bantu ya Dilala, chef, kama mi. Niandike jibu gani?"

"Pompe imekufa!"

"Na hii sahihi?" Akaonyesha nakala. "Barua yenyewe iko kwa bapadri. Tunachapa saa kumi."

Kicheko kikakatika. "Tokeni!"

Stéphanie akaandika mbele yake, bila haraka: *Alijibu: tokeni.*

Saa nane na nusu, bomba la gare lilikohoa, likatema kutu, likamwaga maji. Vigelegele vilisikika hadi parokiani. Dakika chache baadaye akafika mjumbe wa Mwamba, jasho linamtiririka: maji yanatoka, kwa hiyo habari hakuna tena, sivyo?

Kalumba alimtazama Stéphanie. "Ni kazi yako. Amua."

Stéphanie alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akaongeza mstari: *Saa nane na nusu bomba lilifunguliwa.* Kisha akazungusha mkono wa mashine mpaka karatasi zikaisha. Jumapili hakuna aliyekuwa hajasoma. Jumatatu Mwamba alihamishwa, na bomba lile halikufungwa tena mpaka treni ya mwisho ilipoondoka.

Jumatatu hiyo hiyo Stéphanie alikwenda gare. Mama Mianda alikuwa amemkalisha Yolande ndani ya beseni, anamsugua, povu mpaka masikioni. Mtoto anapiga kelele, sabuni imemwingia machoni.

"Unamuumiza, mama!"

"Acha alie!" Mama Mianda alikuwa analia yeye mwenyewe, tena anacheka. "Tazama, Stéphanie. Siku tatu alikuwa analia bila machozi, maji yalimwisha mwilini. Leo, tazama!"

Machozi yalimtiririka Yolande mashavuni, makubwa, mengi.