Gauni la Njano Ndani ya Siku Mia

Baba alipokufa, dada yangu Pui-wan alikuwa ameshalikata gauni la njano lakini hajalishona. Alivikunja vipande vyake akaviweka chini ya godoro pamoja na majarida ya filamu, akavaa nyeusi kama sisi wengine. Mama alitutengenezea maua mawili madogo ya uzi mweupe wa sufu, akatubana nayo nywele juu ya sikio. Ua hilo halitoki kichwani mpaka siku ya mia tangu kifo. Ukiwa nalo huendi sinema, huingii nyumbani kwa mtu, na ukicheka koridoni majirani wanaacha kuosha vyombo wanakutazama.

Mimi haikuniwia vigumu sana, maana si mtu wa kutokatoka. Dada ndiye aliyeumia. Siku za kazi alikuwa akishona kola za mashati kiwandani, kola tu, shati zima hajaliona hata siku moja. Jumapili ndipo alipoishi. Alikuwa na kundi lake la wasichana wa kiwandani. Asubuhi sinema, mchana wanapanda feri kwenda visiwani na mikate na redio ya mkononi, wanapigana picha wamekaa juu ya mawe, shingo wameilaza upande kama nyota wa majaridani. Alikuwa akitoka sinema na gauni la mwigizaji lote kichwani, mikunjo na vifungo, akifika nyumbani analichora juu ya gazeti la jana. Hadithi yenyewe ukimuuliza, hakumbuki nani alimwoa nani.

Mapenzi ya vitabu aliyapata kwa Baba. Baba alikuwa na kibanda cha kukodisha vitabu pale ngazi ya jengo letu inapoanzia: riwaya za mapenzi, za wapiga panga, vitabu vya picha vya watoto. Unakaa kwenye benchi fupi unasoma hapo hapo. Macho yake yalipoanza kuchoka, dada, Ah Wan kama tulivyomwita nyumbani, ndiye aliyemsomea, na walikuwa wakibishana juu ya watu wa vitabuni kama wanawasema wapangaji wenzetu.

"Bwana huyo mwongo," Baba alisema.

"Mwongo, lakini umesikia koti alilovaa?"

Baba alicheka mpaka akakohoa.

Akina Tam walikuwa wamemposa dada tangu mwaka uliotangulia. Mwana wao, Kwok-hing, ni fundi saa, mpole, mtu wa kutazama mikono yake. Mama alimtaka. Baba kila akiulizwa alisema, "Mwacheni atembee tembee kwanza." Hakukataa, hakukubali. Na sasa hayupo tena wa kusema hivyo.

Mazishi hayajapoa, Bi Tam akaja. Hakuingia ndani, kwani mwenye mwana wa kuoa haingii nyumba yenye msiba. Alisimama koridoni akazungumza na Mama kupitia mlango wa vyuma.

"Mama Wan, pole tena. Lakini desturi unaijua. Wakioana kabla ya siku mia, sawa. Zikipita, ni kungoja miaka mitatu. Mwanangu atakuwa na mvi."

"Kabla ya siku mia," Mama alisema upesi.

"Na nasema mapema asije akasema hakuambiwa. Duka letu halifungwi Jumapili. Jumapili ndiyo watu wanaleta saa. Mimi tangu niolewe sijui Jumapili inafananaje, na sijafa."

"Atazoea."

Dada alikuwa nyuma ya pazia la kitanda. Nilikiona kidole gumba chake cha mguu kikijikunja, kikabaki hivyo hivyo.

Bi Tam alipoondoka, Mama alilivuta pazia. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Sitaki, Mama."

"Miaka mitatu, Ah Wan! Nani atakutaka wakati huo, mwokota makopo?"

"Basi tutaokota wote makopo."

"Baba yako yuko ardhini, unafanya mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nasema sitaki."

"Sikukuuliza."

Wiki zilizofuata kila mmoja alishika lake. Mama alianza kuulizia mablanketi ya harusi kwa majirani. Nilimwona dada akitoa vile vipande vya njano chini ya godoro, kimoja kimoja, anavitia ndani ya sanduku la chakula anakwenda navyo kazini. Jioni moja tukiwa kwenye foleni ya bomba nilimuuliza.

"Unamshonea nani?"

"Mimi."

"Ulivae wapi, na ua kichwani?"

Akasogeza ndoo yake mbele kwa mguu. "Ah Yee, Bi Tam Jumapili anakunywa chai wapi?"

"Mkahawa wa ghorofani, ng'ambo ya soko. Dunia nzima inajua. Na ukoo wake wote."

"Basi nitapita hapo. Nimevaa njano, sina ua, nimepaka rangi ya mdomo. Msichana anayemvunjia baba yake msiba, nani anamtaka awe mkwewe? Watavunja wenyewe, kabla hata chai haijapoa."

Nilitazama nyuma kama kuna anayesikiliza. "Na Mama?"

"Mama atasikia baadaye, midomoni mwa watu. Mimi nikikataa, aibu ni ya Mama. Bi Tam akikataa, mambo yameharibika tu, yanaharibikaga. Atanikimbiza na ufagio wiki moja, itaisha."

"Baba je?"

Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo. Alisema, "Baba ndiye aliyesema nitembee," lakini alisema akiiangalia ndoo.

Kwok-hing mwenyewe dada hakumchukia. Aliwahi kwenda naye sinema, mimi nikiwa katikati yao, na yule bwana alilala filamu ilipoanza tu, kichwa kimeangukia bega langu. Dada alicheka, akasema angalau hakoromi. Shida haikuwa yeye.

Jumapili yenyewe Ah Wan alitoka mapema. Alimwambia Mama ameitwa kazi ya ziada, na sanduku la chakula alilishika kwapani. Hata sijamaliza kukunja blanketi, Mama akatoka kuoga amechana nywele kwa mafuta.

"Vaa viatu. Tunakwenda kunywa chai na Bi Tam. Ameniita tupange siku."

"Leo?"

"Leo. Na usimwambie dada yako. Nataka aikute imeshapangwa, apungukiwe na maneno."

Sikujua dada amekwenda kubadilisha nguo kwa nani. Njiani niligeuza kichwa kila nilipoona kitu cha njano: mwavuli, ndoo, ndizi. Nilimwambia Mama tumbo linaniuma. Akasema chai itaniponya.

Bi Tam hakutuweka kwenye meza yao ya dirishani, kwa sababu ya msiba wetu. Alihama yeye na Kwok-hing wakaja kukaa nasi kwenye kona, nyuma ya nguzo, na ukoo wake ukabaki kule. Mama aliipa mgongo ngazi. Wazee walikuwa wametundika vizimba vya ndege juu ya meza zao, na kelele za ndege na za wauza maandazi ya mvuke zilikuwa nyingi, ikabidi Bi Tam aseme kwa sauti.

"Mtabiri amenipa siku mbili. Moja karibu, moja karibu zaidi."

"Iliyo karibu zaidi," Mama alisema, akammiminia chai.

Hapo nikaona wazee wanageuza vichwa, meza moja baada ya nyingine. Kisha nikamwona dada. Lile gauni lilikuwa zuri. Lazima niseme hivyo, maana hakuna aliyelisema. Lilikuwa fupi, halina mikono, na kola yake imesimama vizuri kuliko kola yoyote niliyowahi kuiona dukani. Nywele alizipandisha juu. Pale sikioni hapakuwa na kitu. Alikwenda kwanza meza ya dirishani, akakuta mwenye meza hayupo, na wanawake wa ukoo ule wakamwonyesha kona yetu kwa vijiti vyao vya kulia.

Alikuja anatabasamu. "Bi Tam, habari za asubuhi! Napita tu, nawahi sinema."

Kisha akaipita nguzo.

Mama alikuwa ameshika birika. Hakuliweka chini. Aliangalia viatu vya dada, akapanda polepole mpaka kichwani, akabaki hapo juu ya sikio.

"Huyu ndiye anayemlilia baba yake?" Bi Tam alisema, na mezani kwao kila mtu alisikia. "Udongo haujakauka! Mama Wan, umekuja hapa unitanie?"

Kwok-hing alisimama ampe dada kiti. Mama yake akamvuta shati, akakaa.

Nilingoja Mama apige kelele. Hata dada nadhani alizingoja, maana mabega yake yalikuwa yameshajikunja kuzipokea. Mama alimjazia Bi Tam kikombe, chai ikafurika mezani, akaendelea kumimina.

"Binti gani?" alisema. "Mimi binti yangu ni mmoja. Huyu hapa." Akaniwekea mkono begani. Ulikuwa umelowa chai na ulikuwa wa moto.

"Mama," dada alisema.

"Msichana, unazuia njia. Watu wanapita na vyakula."

Harusi ilivunjika kama dada alivyopanga. Ufagio haukushikwa. Nyumba yetu ni chumba kimoja, ukinyoosha mkono unamgusa mwenzako, na humo Mama aliishi na dada bila kumwona. Aliandaa mabakuli mawili, lake na langu. Dada akijipakulia mwenyewe, Mama alinyanyuka na bakuli lake akaenda kula koridoni. Dada alilirudisha ua kichwani siku ile ile, na Mama hakumwambia alivue wala alivae. Usiku alijaribu kusema, "Mama, nilifanya kosa, sikujua utakuwepo." Mama akaniuliza mimi kama nimefunga dirisha.

Siku ya mia iliangukia Jumapili. Tulikwenda hekaluni na karatasi za kuchoma na machungwa. Dada alitufuata kwa nyuma, na mlangoni Mama akaniambia bila kugeuka, "Mwambie asiyehusika angoje nje."

Nilipiga magoti mahali ambapo niliweza kuliona lango. Mtawa alisoma jina la Baba, kisha jina la mjane wake, kisha la watoto wanaomlilia. Alisoma langu, akafunga kitabu, akagonga kengele.

Nje lile kundi la wasichana wa kiwandani lilikuwa likipita na vikapu na redio, linawahi feri. Mmoja alimwita, "Ah Wan! Si umemaliza msiba leo? Tunakwenda kisiwani, Cheung Chau, njoo, nafasi ipo!"

"Nendeni," dada alisema.

"Wewe? Jumapili hii?"

"Nendeni tu."

Tulipotoka, Mama alitangulia. Dada alinishika mkono wa nguo.

"Wamesoma majina?"

"Wamesoma."

"Na langu?"

Alikuwa akinitazama usoni, na mimi uso wangu haujui kudanganya.

"Basi nisimulie vyote," alisema. "Tangu mwanzo. Walivyomwita Baba."

Nikamsimulia njia nzima, maneno niliyoyaelewa na nisiyoyaelewa, na Mama akiwa mbele yetu, hatua zake zile zile. Tulipofika jengoni, dada alikaa kwenye ngazi ya kwanza, pale palipokuwa na kibanda cha Baba, akaniambia nitangulie juu, nisimwache Mama ale peke yake.