Nta ya Mzee Adamu

Watu wenye adabu wananichosha, na mimi ni mmoja wao. Mkorofi atakukwaza leo, mtatukanana, kesho mtaombana chumvi. Mwenye adabu atakumaliza huku amevua viatu mlangoni, na hutajua hata pa kumshtaki. Nasema haya nikiwa na hasira, na sitaki hasira hiyo ipoe.

Naitwa Emilia. Nimezaliwa Chamwino, nikaolewa Kolo, na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama wafuga nyuki. Asali yetu tunawauzia wageni wanaokuja kutazama michoro ya miambani. Nta ndiyo iliyotusumbua miaka yote, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja tu, Wambura, dalali mwenye fuso. Bei anapanga yeye, mzani ni wake. Ukimwambia mzani wake umelala upande, anakuuliza kama wewe una mwingine.

Ndipo tukampata mnunuzi wa Ujerumani. Aliona sampuli, akaipenda, akakubali kulipa nusu kwa euro kabla mzigo haujaondoka, kwa bei ambayo Wambura hajawahi kuitamka hata akiwa amelewa. Mwaka mzima akina mama wakatuletea nta kwa kuaminiana, bila kupewa hata senti. Stoo ikajaa. Euro zikija, tumeachana na Wambura. Zisipokuja, tutamrudia tukiwa wanyonge kuliko mwanzo, na yeye alilijua hilo kama tulivyolijua sisi.

Akaunti ya fedha za kigeni tulikwenda kuifungulia Dodoma mjini. Afisa aliyetuhudumia alikuwa kijana mpole wa Kihaya, Respicius. Alituuliza watia saini ni nani. Tukamwambia: Mama Hana, mwenyekiti, mimi, katibu, na Bi Zena, mweka hazina. Akasema saini za wawili kati ya watatu zinatosha, vikundi vingi hufanya hivyo.

"Mwanangu," Hana akamwambia, "wewe humjui Geofrey."

Geofrey alikuwa mweka hazina wetu wa kwanza, mwanamume pekee kikundini. Tulimpa kazi hiyo kwa sababu anajua hesabu, na kweli alizijua, maana alibeba akiba yote akaenda nayo Geita kwenye dhahabu. Kwa hiyo safari hii tukataka iandikwe kwenye masharti ya akaunti: kila karatasi isainiwe na wote watatu, kwa pamoja, hapo hapo tawini, mbele ya afisa, na dole gumba juu yake. Respicius aliuliza tena kama tuna hakika. Tukasema ndiyo, tena kwa sauti. Tulitoka pale tukitembea kifua mbele.

Mume wa Bi Zena, Mzee Adamu, hakuwa mwanachama, lakini mizinga yetu karibu yote aliichonga yeye. Na nta nzuri kuliko zote stoo ilikuwa yake. Aliiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa mpaka ikatakata, akaigandisha kwenye karai. Kabla haijawa ngumu sawasawa akakandamiza kiganja chake juu, ili Wazungu wajue imetoka kwa nani.

"Watatengenezea mishumaa ya kanisani," alitutania. "Mimi Adamu, swala tano, niwamulikie Wakristo!"

"Basi tukubatize kabisa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichomwondoa, mwezi haujaisha.

Wiki iliyofuata baada ya mazishi, Respicius akanipigia simu. Fedha yetu ya Ujerumani imefika. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni.

"Ila imeshikiliwa, mama," akaendelea. "Ni mara yenu ya kwanza kupokea fedha kutoka nje, kwa hiyo benki inataka barua ya kueleza ni malipo ya nini, na hati za mzigo. Barua isainiwe kwa masharti yenu."

"Sote watatu?"

"Wote watatu, hapa tawini. Mkichelewa wiki kadhaa, sistimu yenyewe itairudisha kwa aliyetuma."

Nilimwambia mweka hazina wetu amefiwa na mume, yuko eda, miezi minne na siku kumi hatoki. Hawezi kuleta hizo karatasi Kolo? Akasema masharti yanasema tawini. Basi tuyabadilishe masharti. Akakohoa kidogo, akaniambia kwamba barua ya kubadilisha masharti nayo inatakiwa kusainiwa na wote watatu, tawini.

"Mliandikisha wenyewe, mama," akasema, na wala hakusema kwa kebehi.

Nikamkimbilia Hana. Alikuwa anapepeta mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Udongo wa kaburi bado mbichi, Emilia. Wewe unataka niingie kwa mfiwa nianze habari za euro?"

"Tumuulize shehe kwanza. Labda kuna ruhusa."

"Ukimuuliza shehe, jioni Kolo nzima itasema kikundi kinamtoa mjane eda kwa ajili ya hela. Tungoje arobaini. Baada ya hitima ndipo mtu anaweza kusemeshwa mambo ya dunia."

Nilitaka kubisha. Lakini mimi ni Mkristo, tena niliyekuja Kolo kwa ndoa, ningemfundisha Mama Hana adabu za msiba wa Kiislamu? Na kusema kweli hata kwetu Ugogoni ningemwona mtu wa ajabu anayeingia kwa mfiwa na habari za benki. Nikanyamaza.

Kila siku tukawa tunakwenda kwa Bi Zena. Tulibeba unga, maharage, kuni. Tulivua viatu, tukakaa naye kwenye mkeka, yeye katika nguo zake nyeupe, na kila siku Respicius alinitumia ujumbe kuuliza tunakuja lini. Simu ikitetemeka mapajani mwangu, naifunika kwa khanga.

"Mbona nyuso zenu hivyo?" Bi Zena alituuliza siku moja.

"Msiba, dada," Hana akajibu.

"Msiba ni wangu. Ninyi mna jambo."

Tukamwambia hatuna jambo. Akatutazama, akaendelea kuvuta tasbihi yake.

Arobaini ikafika, hitima ikasomwa, watu wakala wakatawanyika. Ndipo Hana alipofungua kinywa. Alianza mbali, kwa pole na dua, mpaka nikamkatiza nikalisema lote kwa mkupuo. Bi Zena hakulia wala hakugomba.

"Ilifika lini?"

Tukamwambia.

"Na siku zote hizo mnakuja hapa mnakula na mimi."

Akaagiza shehe aitwe. Shehe akaja, akasimama mlangoni, akasikiliza, wala hakukaa. "Anatoka mchana kwa haja ya riziki, usiku arudi alale kwake," akasema. "Hilo si jambo la kuficha. Mlikuwa mnangoja nini?" Hana alitazama chini. Mimi nilimtazama Hana, nikamchukia, halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa na mdomo siku zote zile.

Kesho yake baada ya alfajiri tulikodi gari. Bi Zena alivuta tasbihi yake kutoka Kolo hadi Dodoma. Benki watu walimpisha kwa kuona nguo zake, na Respicius akasimama kumpa pole. Kabla hajaketi, Bi Zena alikwisha kunja mkono wa nguo yake nyeupe na kuweka dole gumba juu ya meza.

"Nimekuja, mwanangu. Lete wino."

Respicius akatazama kompyuta. Akabofya, akatazama tena. Nikamwona masikio yanabadilika rangi.

"Imerudi," akasema. "Imerudishwa juzi."

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mama mtu mzima hamwambii mtoto wa mwenzake, mpaka mlinzi akaja. Nilitukana sistimu, nikamtukana Geofrey huko aliko. Bi Zena yeye alikuwa bado ameweka dole lake pale pale mezani, kana kwamba wino ungeletwa hata hivyo. Hana ndiye aliyemshika mkono taratibu akauondoa.

Respicius alimwandikia mnunuzi imeili mbele yetu, akamwomba atume tena. Jibu lilinikuta njiani, hatujafika Kondoa. Yule bwana anasikitika sana. Fedha iliporudi, ofisi yake iliingiwa na wasiwasi juu yetu, wakachukua nta Zambia. Anatutakia kila la heri.

Nilisoma kwa sauti, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuficha kitu kingine.

"Adamu aliniambia," Bi Zena akasema, akitazama nje. "Alipokuwa amelala pale kitandani. Aliniambia, Zena, hela ya wenzako ikija nikiwa bado hapa, niache uende. Mngeniambia hata siku ya kumzika, ningekwenda siku hiyo hiyo."

Hana akaanza kulia. Hakuna aliyembembeleza.

Wambura alikuja kabla hatujamwita. Nani alimpa habari sijui, labda alizinusa. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya mwaka jana, na akina mama wakaipokea, maana walikuwa wamesubiri mwaka mzima na ada za shule hazisubiri. Wengine hawakunitazama usoni. Mmoja, Violeth, aliniuliza kwa upole kama sisi viongozi tulikula hizo euro. Ningependa angenizaba kibao.

Stoo yetu iko ng'ambo ya ua wa Bi Zena. Wapagazi walitoa nta kutwa nzima, na mwisho likatoka donge la Mzee Adamu, na kiganja chake juu yake, vidole vitano wazi. Halikuingia kwenye gunia. Wambura akaagiza shoka.

Nilitazama dirisha la Bi Zena. Nilifikiri nimwite. Lakini ua ulikuwa umejaa wanaume, na yeye yuko eda, na nilihofia kumwongezea uchungu. Nikaacha. Shoka likashuka, vipande vikaingia guniani na vingine.

Jioni nilikwenda kwake na fungu lake la hela. Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka.

"Yote imeondoka?"

"Yote, dada."

"Na ile ya Adamu?"

"Na yenyewe."

"Nilisikia shoka. Kwa nini hukuniita?"

"Dada, kulikuwa na wanaume wengi pale uani, na wewe uko eda, nikaona nikuheshimu..."

Alikuwa ameufungua mkono wake wa kuume mapajani, anautazama.

"Nilitaka kuweka mkono wangu pale alipoweka wake," akasema. "Basi. Hata kwa mlangoni mngeniletea."

Hela aliiacha pale pale kwenye mkeka. Nilitoka nikavitafuta viatu vyangu mlangoni, nikashindwa kuviona kwa machozi.