Pombe ya Kulimia

Mwaka ule wa themanini na nne serikali ilikuwa imekaukiwa, na mfa maji haishi kutapatapa. Dizeli hakuna, sabuni hakuna, fedha za kahawa hazijatoka tangu msimu uliopita. Ushuru tu ndio uliochipuka kila kukicha kama uyoga.

Loisi, mjane wa kijijini Iyula, hakuwa na ugomvi na serikali. Ugomvi wake ulikuwa na shamba. Mvua zilishapiga hodi, ardhi haijaguswa, na mgongo wake haukuwa tena wa jembe. Akafanya alivyofanya mama yake: akapika pombe ya ulezi, akawaita majirani waje kumlimia. Pombe ya kulimia haiuzwi. Watu wanalima, wakimaliza wanakunywa, na hakuna anayemdai mwenzake. Bila pombe hiyo hupati walimaji, na bila walimaji mwakani utakula nini?

Siku ya kazi majirani wakaja na majembe. Kabla hawajashika mpini akatokea karani wa ushuru, Bashiri, kijana wa Tanga aliyehamishiwa huku juzi juzi. Hakuwa mnywaji, wala mambo ya pombe hakuyajua. Alichojua ni kwamba makusanyo yameshuka na mkubwa wake amefoka.

"Mama, mitungi yote hii, na ushuru hujalipa?"

"Ushuru wa nini, mwanangu? Siuzi mimi. Hii ni ya kulimia."

"Wote husema hivyo."

Ezron, kiongozi wa walimaji, akamweleza taratibu, kwa adabu ya mtu anayezungumza na mkwe. Bashiri akatikisa kichwa. Sheria ilitaja mitungi, haikutaja shamba.

"Lipa, mama, ama ninaimwaga. Hata mshahara wangu unatoka kwenye ushuru huo huo, na bado sijaupata."

Loisi alitaka kulia, akaona hata machozi yatatozwa. Fedha azitoe wapi? Barabarani lilikuwa limekwama lori la Tunduma likingoja dizeli, na dereva na utingo wake walikuwa na noti na kiu. Akawapelekea mtungi wa kwanza. Fedha hazikutosha. Akapeleka mwingine, na mwingine, huku roho inamuuma, na wapita njia nao wakajisogeza. Kiasi kilipotimia, yalibaki machicha.

Majirani walitazamana. Ezron akakohoa.

"Shemeji, mimi ningekulimia hata bure. Lakini mvua ndiyo hiyo, na kila mtu ana shamba lake."

Wakatia majembe begani, wakaondoka mmoja mmoja.

Bashiri alihesabu noti, akaandika risiti kwa mwandiko mzuri, akamkabidhi Loisi kwa mikono miwili.

"Unaona, mama?" alisema kwa upole, bila kebehi hata kidogo. "Kumbe ulikuwa unauza."