Maksai wa Ndalahwa

Lori lilikuwa limezama hadi ekseli, na mimi ndiye niliyelipanga.

Ilikuwa Machi 1998, kilomita kumi na moja kabla ya Kamsamba. Mvua ilikuwa imegeuza udongo mweusi kuwa uji. Nyuma tulibeba makasha mia mbili ya dripu. Mbele yetu kulikuwa na kambi ya kipindupindu isiyo na hata chupa moja.

Jana yake, ofisini Vwawa, nilikopanga safari za kupeleka dawa, dereva wangu Osea aliushika ufunguo wa lori bila kuutia mfukoni.

"Mama Atupele, toa Land Cruiser mbili. Twende mara mbili, tatu."

"Lori linabeba yote kwa safari moja."

"Kubeba, linabeba. Kufika je? Wewe unapanga kwa kalamu, mama. Kalamu haikwami."

Madereva wenzake walicheka. Nilikuwa na stashahada ya uchukuzi na watoto watatu nyumbani. Sikuwa na muda wa kubishana. Nilimwambia awashe, nikapanda mwenyewe nimwoneshe.

Sasa alikuwa ameegemea boneti, hanitazami. Angenisema ningepata nafuu.

Ndipo akatokea Ndalahwa, mfugaji wa huko, na mkokoteni wa maksai wanne. Alikuwa ametoka kambini kulitafuta gari waliloahidiwa. Mkewe, Stamili, alikuwa amelazwa huko tangu jana.

"Nani kapanga lori huku, masika hii?"

"Mimi."

Alinitazama kidogo. "Haya, shika kasha, mama."

Tulipakia makasha arobaini mkokotenini, Osea akabaki na lori. Tulitembea kwa muda wa saa nne, tope magotini, yeye akiwaita maksai kwa majina yao. Aliwachapa mara moja tu, paa za kambi zilipoonekana.

Stamili alikuwa ameshafunikwa kitenge. Ndalahwa aliufunua uso, akaufunika. Kisha akarudi kwenye mkokoteni, akashusha makasha yote, akageuza maksai kwenda kuchukua mengine.

Mimi nilikaa chini.

Kiangazi nilirudi kumwomba nimwandike kwenye mpango wa masika yajayo.

"Andika," alisema. "Ila mniite mapema."

Kwenye fomu ya magari, chini ya mstari wa Land Cruiser mbili, niliandika: mkokoteni, maksai wanne, Ndalahwa wa Kamsamba. Makao makuu walirudisha fomu. Nafasi ya namba ya usajili ilikuwa wazi, na hilo, walisema, si gari.

Nilichukua fomu nyingine, nikaandika mstari uleule mahali palepale, nikaituma.