Taa za Shemeji

Baba yake Mama Breki alifia hospitali ya mjini, na nyumbani kwao ni mwendo wa kutwa nzima. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, akajitolea kumsafirisha marehemu kwa gari lake la mizigo, na kila mtu akamshukuru. Mumewe alikuwa ametangulia kusimamia uchimbaji wa kaburi. Kwa hiyo kiti cha mbele walikaa watatu: shemeji kwenye usukani, yeye katikati, shangazi yake dirishani. Baba alikuwa nyuma, ndani ya jeneza lililofungwa kwa kamba mbili.

Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa basi la shule. Kazini walimwita Mama Breki, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Mchana ule hakutazama sana alikokaa. Alikuwa akiwaza baba yake, na harufu ya soda iliyomwagika na jasho la zamani aliivumilia tu.

Giza lilipoingia, shemeji akabonyeza kitu chini ya usukani. Sehemu yote ya mbele ikawaka zambarau, ikawa buluu, ikawa kijani, ikarudi zambarau. Alikuwa amebandika utepe wa taa kuzunguka dashibodi, kwenye milango, mpaka chini kwenye pedeli. Namba za kipima mwendo nazo ziling'aa hadi macho yakauma.

Sasa Mama Breki akaona alichokuwa amekaa nacho tangu asubuhi. Kwenye matundu ya kipoza hewa kulikuwa na vijiti vya meno vilivyotafunwa ncha. Kwenye kisahani cha majivu, kucha zilizokatwa. Karibu na gia kulikuwa na kohozi lililokauka, na lilipopigwa na ule mwanga liliwaka kama pambo. Akakusanya gauni lake akalibana katikati ya magoti.

"Shemeji, punguza hizo taa," akasema.

"Hizi ndizo zinaniweka macho. Gari likiwa giza nasinzia. Kila dereva na raha yake bwana."

"Zinarudi kwenye kioo. Huioni barabara."

"Naiona."

Hakuwa anaiona. Kioo kizima cha mbele kilikuwa zambarau, na nyuma ya zambarau ile hakukuwa na kitu. Mtu wa baiskeli alipotokea, alitokea tayari yuko puani pa gari. Shemeji akakata usukani kwa nguvu. Kule nyuma jeneza likateleza, likagonga bati la ubavuni.

"Kaka yangu," shangazi akasema kwa sauti ndogo.

"Mzee katikisika kidogo," shemeji akasema, akacheka puani. Kisha, mkono mmoja kwenye usukani, akatoa simu. Akaanza kupiga video dashibodi, akaenda na rangi taratibu, akaigeuza simu kwenye kioo cha nyuma mpaka jeneza likaingia, nalo limepigwa na zile rangi. "Wanangu," akawaambia waliomo ndani ya simu, "mnaona mambo? Hata marehemu leo kapewa disko."

Mama Breki alihisi mate yakimjaa mdomoni, yale mate ya kabla ya kutapika.

"Simamisha gari."

Shemeji akalisimamisha upesi, akihofia viti vyake. Mama Breki akashuka upande wa shangazi, akatapikia majanini, akajifuta kwa upande wa ndani wa mtandio. Halafu hakurudi alikotoka. Akazunguka mpaka mlango wa dereva, akaufungua.

"Shuka."

"Gari langu hili, shemeji."

"Shuka, baba," shangazi akasema kutoka ndani. "Chagua mwenyewe. Aendeshe yeye au niendeshe mimi, na mimi usukani sijawahi kuushika."

Akashuka. Mama Breki akaanza kubandua utepe. Ulitoka kwa kunata, umebeba nywele, vumbi na makombo, na gundi yake nyeusi ikamwingia chini ya kucha. Alibandua wote hadi wa kwenye pedeli, akaurundika miguuni pa shemeji. Kisha akazungusha kigurudumu kidogo pembeni ya usukani mpaka namba zikabaki hafifu, za kuonekana ukizitafuta. Barabara ikajitokeza mbele yao, pana, na mistari yake na miti yake pembeni.

"Mbona giza hivi?" shemeji akalalamika, sasa yeye ndiye yuko dirishani. "Kama tuko kaburini."

Mama Breki aliendesha polepole hadi nyumbani, akakaza kamba za jeneza mara mbili njiani, na walipofika hakumpa mtu mkono mpaka aliponawa. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, akanawa tena.

Walimzika baba kesho yake. Wageni walipoanza kutawanyika, mumewe akaja akaketi karibu naye.

"Mdogo wangu kanuna. Anasema umemng'olea taa zake. Ungemwomba radhi yaishe."

"Unajua alichofanya?"

"Si ile video? Ah, yule naye ana utani wake."

"Umeiona wapi?"

"Alituma jana mkiwa njiani, kwenye kundi letu la ndugu."

"Nionyeshe."

Mume akasita, lakini akampa simu. Video ilikuwapo, na jeneza la baba yake likibadilika rangi. Chini yake ndugu walikuwa wameandika. Wa kwanza kuandika alikuwa mumewe: vikatuni vitatu vya kucheka hadi machozi, na maneno, Umetisha mdogo wangu.

"Nilicheka taa," akasema. "Sikumcheka baba." Akamwekea mkono begani.

Mama Breki akautazama ule mkono. Ulikuwa msafi, kucha zimekatwa vizuri. Akaushika kwa vidole viwili kwenye mkono wa shati, akauondoa kama mtu anavyoondoa kiwavi kwenye nguo.

Asubuhi shemeji aliwasha gari, akapiga honi. Mume akaja mlangoni na begi. "Twende, anatusubiri."

"Tangulieni," Mama Breki akasema, na akarudi ndani kumsaidia shangazi kukunja nguo za baba.